Kidonda Kilichoshonwa Mapema

Simulizi ya kweli

SEHEMU YA KWANZA
Treni za usiku

Treni ziliingia Boulogne usiku. Ilikuwa Oktoba 1914, vita havijatimiza hata miezi mitatu, na mji huo wa bandari kaskazini mwa Ufaransa ulikuwa umekwisha kugeuka wodi moja kubwa. Hoteli zilitandikwa vitanda. Maghala ya sukari bandarini yakatandikwa vitanda. Kasino, ambako matajiri walikuwa wakicheza kamari kabla ya vita, nayo ikatandikwa vitanda. Waliolazwa humo walikuwa vijana waliotoka Ypres, ng'ambo ya mpaka wa Ubelgiji, wakiwa bado na sare zao zilizokauka tope na damu.

Madaktari wa jeshi la Uingereza waliowapokea hawakuwa wageni wa majeraha ya risasi. Wengine walikuwa wamehudumu Afrika Kusini, katika vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, na huko walipata imani kubwa. Risasi ya Mauser ilipenya mwilini ikaacha tundu dogo la kuingilia na jingine dogo la kutokea. Kiliwekwa kitambaa safi juu yake, na baada ya muda askari akasimama tena. Ardhi ya huko ilikuwa kavu, jua kali, na sehemu kubwa ya uwanda ule haikuwahi kuona jembe wala samadi. Basi walipofika Ufaransa walikuja na imani ile ile: jeraha lioshwe kwa karboli au iodini, lishonwe, lifungwe bendeji.

Siku ya kwanza mgonjwa alionekana salama. Aliomba sigara, akaandika barua ya nyumbani. Siku ya pili alilalamika kwamba bendeji inambana, muuguzi akailegeza. Siku ya tatu maumivu yakawa makali kuliko ya saa ile aliyopigwa. Ngozi iliyozunguka nyuzi ikavimba, ikang'aa, ikapauka, ikawa rangi ya shaba, kisha zambarau iliyoelekea weusi. Daktari alipobonyeza alisikia kitu kikitatarika chini ya vidole vyake. Ilikuwa gesi. Nyama ya mtu aliye hai ilikuwa ikitoa gesi, na pamoja nayo harufu tamu ya kuoza ambayo muuguzi aliyeinusa mara moja hakuhitaji kuelezwa tena maishani mwake. Mguu uliopigwa pajani uliweza kufa wote kati ya asubuhi na jioni. Wakiukata upesi, mara nyingine waliwahi. Mara nyingi hawakuwahi.

Hiyo ni gangrini ya gesi. Kwa madaktari wengi wa Uingereza ulikuwa ugonjwa wa kusomwa vitabuni. Sasa uliteremka kutoka katika kila treni. Nao uliwaua hata wale waliooshwa vizuri. Tangu 1867, Joseph Lister alipotangaza matumizi ya karboli katika upasuaji, wapasuaji wa Ulaya walilelewa katika imani kwamba kijidudu kikikutana na dawa kali kinakufa. Dawa ilimiminwa. Watu wakafa. Ikaongezwa ukali, na bado wakafa.

Ndani ya kasino hiyo kikundi kidogo kutoka hospitali ya St Mary's ya London kikafungua maabara. Mkuu wao alikuwa Almroth Wright, mtu wa maneno makali na maadui wengi, ambaye chanjo yake ya homa ya matumbo iliwakinga askari wa Uingereza katika vita hivyo hivyo. Pamoja naye walikuwapo Leonard Colebrook na luteni mmoja wa miaka 33, mfupi wa kimo na mkimya, mtoto wa mkulima wa Ayrshire huko Scotland. Jina lake Alexander Fleming. Huyu alikuwa hodari wa shabaha, na inajulikana kwamba sababu moja ya kutafutiwa kazi St Mary's ni kuwa klabu ya bunduki ya hospitali haikutaka kumpoteza. Mlenga shabaha huyo sasa aliinama juu ya hadubini, akitazama risasi inaacha nini nyuma yake.

Fleming aliona jambo ambalo kila mpasuaji alilishika mikononi bila kulitilia maanani. Katika majeraha wapasuaji walikuwa wakitoa vipande vya chuma, na mara nyingi pamoja na chuma walitoa vipande vya nguo. Kombora halikupenya peke yake. Liliburuta koti, suruali na shati la ndani hadi kwenye mfupa. Akachukua mkasi, akakata vipande vya sare za majeruhi, akavitia kwenye mirija ya kioo yenye mchuzi wa nyama, akaiweka mirija hiyo mahali penye joto la mwili wa binadamu. Kisha akangoja.

Mchuzi uliokuwa angavu ukachafuka, ukaanza kutoa viputo vya gesi.


SEHEMU YA PILI
Jeraha la kioo

Ndani ya viputo vile alikuwamo muuaji. Katika nguo nyingi alizopima, Fleming alikuta bakteria wa gangrini ya gesi. Katika nyingine alikuta pepopunda, na katika nyingine bakteria wa usaha. Askari alikuwa amevaa ugonjwa wake tangu siku nyingi kabla ya kupigwa.

Walitoka wapi? Mashamba ya Flanders, nchi iliyozunguka Ypres, yalikuwa yamelimwa na kutiwa samadi ya farasi na ng'ombe kwa mamia ya miaka. Bakteria wa gangrini na wa pepopunda, ambao leo tunawaita Clostridium, huishi katika utumbo wa wanyama na watu, wakitoka na kinyesi huingia ardhini, na humo hujifunga katika spora, umbo gumu lisilojali jua, baridi wala ukame, na huweza kukaa miaka wakingoja. Wakulima wa Flanders walikuwa wakirutubisha ngano yao. Majeshi yalipochimba mahandaki katika udongo ule, watu walilala ndani yake, wakala ndani yake, wakajeruhiwa ndani yake.

Lakini spora haiamki ovyo. Bakteria hawa huchukia oksijeni. Msuli hai unaopitiwa na damu hawauwezi, maana damu ndiyo inayoleta oksijeni. Wanachohitaji ni nyama iliyokufa, iliyofungiwa mahali hewa haifiki. Sasa fikiria risasi ya kasi au kipande cha kombora kinafanya nini. Kinapopita, nyama hutanuka pande zote kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha hurudi. Katika kutanuka huko uchafu na nyuzi za nguo hufyonzwa ndani, na mishipa midogo ya damu hukatika mbali na njia ya risasi yenyewe. Tundu linaloonekana kwenye ngozi laweza kuwa dogo kuliko sarafu. Chini yake msuli mzima umekufa.

Halafu daktari anakuja na sindano na uzi, anaufunga mlango.

Nataka msomaji akae kidogo hapo, kwa sababu ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Wale madaktari hawakuwa wazembe. Walishona kwa huruma, walishona kwa ustadi, walishona kama walivyofundishwa na walimu waliowaheshimu. Na kwa kushona walimpa kijidudu kile kile walichokuwa wakikipiga vita chakula, joto na giza lisilo na hewa.

Lakini karboli je? Iodini je? Kwa nini dawa inayoua kijidudu kwenye meza ya maabara isikiue pajani? Fleming alilijibu swali hilo kwa namna ambayo hata mtoto wa shule angeielewa, na ndiyo maana jaribio lake lingali linasimuliwa. Alichukua mrija wa kioo, akauyeyusha kwa moto, akavuta kuta zake hapa na pale mpaka ukawa na vishimo virefu vyembamba vilivyochomoza kila upande. Hilo likawa jeraha lake, jeraha la kioo, lenye vichochoro kama vile kombora linavyochimba katika msuli. Akalijaza majimaji ya damu aliyoyatia uchafu, akaliacha usiku kucha. Asubuhi yalikuwa yananuka. Akayamwaga, akajaza dawa kali mpaka juu, akaiacha ifanye kazi, akaimwaga. Kisha akatia majimaji masafi mapya na kuliacha tena usiku kucha.

Asubuhi yakawa yananuka kama mwanzo.

Dawa ilikuwa imeua vilivyokuwa katikati. Vile vilivyojibanza kwenye ncha za vichochoro haikuvifikia, navyo vilitoka usiku vikajaza nyumba upya. Akarudia, na matokeo yakawa yale yale. Kwetu wako watu wanaofungua kapsuli ya rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda kirefu, wakaridhika kuona uso wa kidonda umekauka. Wangeliona jeraha la kioo la Boulogne, wangeacha.

Jambo la pili alilogundua ni baya zaidi. Usaha, ambao kila mtu aliuona kuwa takataka ya kuoshwa, ulikuwa umejaa chembe nyeupe za damu, askari wa mwili wenyewe, na katika usaha mbichi chembe hizo zilikuwa hai na zilikuwa zikila bakteria. Fleming alipochanganya karboli na damu aliona kuwa kwa kipimo fulani chembe nyeupe zilikufa kabla ya bakteria. Dawa iliua walinzi, ikamwacha mwizi. Katika mchanganyiko wa namna hiyo bakteria walistawi kuliko pale ambapo hapakuwa na dawa kabisa.

Matokeo yake ya mwanzo yalichapishwa 1915 katika jarida la madaktari, The Lancet. Wright akashika bango: acheni kumwaga sumu katika majeraha, osheni kwa maji ya chumvi, mwachieni mwili nafasi ya kujipigania. Mvua ya mawe ikamwangukia. Sir William Watson Cheyne, aliyekuwa rais wa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Uingereza, alikuwa amefanya kazi chini ya Lister mwenyewe. Kwake maneno ya Boulogne yalikuwa tusi kwa mwalimu wake. Wakubwa hao wakarushiana makala ndefu mwaka huo na uliofuata, na treni zikaendelea kuingia usiku.

Wright alikuwa na haki katika kukataa karboli. Katika tiba aliyoipendekeza, hata hivyo, hakuwa amepata jibu kamili. Maji ya chumvi hayafufui nyama iliyokufa. Kijidudu kimejificha kwenye kichochoro, dawa haifiki, chembe nyeupe haziletwi na damu kwa sababu damu yenyewe haipo. Nani atakifuata huko ndani?

Jibu lilikuwa likitafutwa katika sehemu mbili za mstari wa vita. Sehemu moja ilikuwa na fedha za Marekani na mshindi wa Tuzo ya Nobel. Nyingine ilikuwa hoteli ya ufukweni, na mpasuaji wake alikuwa akimngoja mke wake arudi kwa meli.


SEHEMU YA TATU
Ufukwe wa De Panne

Meli iliitwa Lusitania.

Antoine Depage, mpasuaji wa Brussels, kwa msaada wa familia ya kifalme ya Ubelgiji, aligeuza kuwa hospitali hoteli iliyoitwa L'Océan, kwenye ufukwe wa De Panne, katika kipande kidogo cha nchi yao ambacho Wajerumani hawakukitwaa. Mkewe, Marie, alivuka kwenda Marekani kuomba michango ya hospitali hiyo, na akaipata. Tarehe 7 Mei 1915, akiwa njiani kurudi, meli ilipigwa torpedo karibu na Ireland. Marie Depage akazama pamoja na watu zaidi ya elfu moja.

Mumewe alirudi kwenye chumba cha upasuaji, na hapo De Panne alifanya kazi ambayo kwa maoni yangu imeokoa viungo vingi vya binadamu kuliko dawa yoyote ya vita ile. Alichukua kisu.

Hakukitumia kukata mguu. Alilipanua jeraha, akafungua utando wa msuli kwa urefu ili uvimbe upate pa kwenda, akatoa chuma, akatoa nguo, kisha akaondoa kila kilichokufa mpaka akafika kwenye kilicho hai. Mpasuaji wa vita wa leo hufanya vivyo hivyo: huuminya msuli kwa koleo na kutazama kama unajikunja, huukata kidogo na kutazama kama unatoa damu, huangalia rangi yake, hupima kwa vidole kama umeshikamana au umekuwa ute. Usiojikunja na usiotoka damu hauna wa kuufufua, unaondolewa. Hapo vichochoro vya jeraha la kioo vinakwisha. Hakuna tena pa kujificha.

Alipomaliza, hakushona. Aliliacha jeraha wazi, limefunikwa kwa shashi. Kwa mpasuaji aliyelelewa kuona fahari katika mshono safi, kumrudisha mgonjwa wodini na shimo pajani kulikuwa kama kumrudisha mtu nyumbani bila nguo. Lakini De Panne walichukua majimaji ya jeraha kila baada ya muda, wakahesabu bakteria kwa hadubini, wakaandika hesabu kwenye chati. Bakteria wakipungua mpaka karibu hakuna, ndipo sindano na uzi viliitwa.

Yule mwenye Tuzo ya Nobel alikuwa Alexis Carrel, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller ya New York, mshindi wa 1912. Huko Compiègne, pamoja na mkemia Mwingereza Henry Dakin, walitengeneza maji ya hipokloriti ya asilimia 0.5, jamaa wa dawa ya kung'arishia nguo, lakini yaliyopimwa na kupunguzwa ukali kwa uangalifu ili yasiunguze nyama. (Mtu asithubutu kumimina ya dukani kwenye kidonda.) Mirija ya mpira yenye vitundu iliingizwa mpaka kwenye pembe za jeraha, na kila baada ya saa 2, usiku na mchana, wauguzi waliifungulia. Watu walibishana sana kama maji ya Dakin ndiyo yaliyoponya. Ukisoma utaratibu wao unaona kuwa kabla ya mirija kulikuwa na kisu, na baada ya kisu kulikuwa na wauguzi waliotazama jeraha mara 12 kwa siku. Nawapa hao sehemu kubwa ya sifa.

Muda nao ulikuwa adui. Na hili linauma zaidi, kwa sababu elimu ilikuwapo kabla ya vita. Mwaka 1898 mpasuaji Mjerumani, Paul Friedrich, aliwatia simbilisi vidonda, akavichafua kwa udongo wa bustani na vumbi la ngazi. Alipokata na kuondoa kingo za kidonda ndani ya saa 6, walipona. Baada ya hapo vijidudu vilikuwa vimeshaingia ndani kuliko kisu kinavyofuata. Majeruhi wa 1914 walifika Boulogne baada ya siku nzima au zaidi. Kwa hiyo majeshi yakasogeza vyumba vya upasuaji mbele, mpaka kwenye mahema yaliyosikia mizinga. Machi 1917, wapasuaji wa nchi zilizoshirikiana vitani walikutana Paris na kukubaliana: jeraha la vita likatwe mapema, lisafishwe mpaka kwenye nyama hai, na mshono ungoje.

Pepopunda ilikuwa imeshapata dawa yake. Tangu mwishoni mwa 1914 majeruhi wa Uingereza walichomwa seramu mara tu walipopokelewa, na ugonjwa ule wa kukaza taya ukaporomoka. Seramu hiyo ilitoka katika damu ya farasi. Farasi aliyeleta spora kwa samadi yake ndiye aliyetoa kinga kwa damu yake.

Kanuni ya De Panne haikubaki Ulaya. Mwaka 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya Lopiding huko Lokichoggio, Turkana, kaskazini mwa Kenya, kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan. Waliletwa kwa ndege, wengi wao siku kadhaa baada ya kupigwa, na utaratibu wa wapasuaji wa Msalaba Mwekundu unafanana na ule wa Depage. Kata, safisha, acha wazi, funika, usifungue ovyo ovyo wodini. Rudi chumba cha upasuaji baada ya siku 4 au 5, na kama nyama ni nyekundu na safi, shona. Uso, kichwa na tundu la kifua linalovuta hewa vina kanuni zake. Paja, shavu la mguu, mkono na kiuno havina udhuru.

Na bado, katika vita baada ya vita, majeruhi wanafika hospitali wakiwa wameshonwa na mtu mwenye nia njema. Somo hili husahauliwa wakati wa amani, kwa sababu daktari wa amani hukutana na kisu cha jikoni na kioo cha gari, majeraha yanayokubali mshono siku hiyo hiyo. Likisahauliwa, hulipiwa tena kwa miguu ya vijana. Ndugu yako akipigwa risasi, zuia damu kwa kukandamiza, funika kwa kitambaa safi, mkimbize hospitali, ulizia sindano ya pepopunda, na daktari akikuambia kidonda kitabaki wazi kwa siku kadhaa, usimlazimishe kukifunga.

Vita vilipokwisha 1918 Fleming alirudi St Mary's. Alikuwa ameona vijana wengi mno ambao kisu kiliwafikia kwa kuchelewa, ambao bakteria walikuwa wameshapita kwenye jeraha wakaingia kwenye damu. Huko kisu hakifiki. Palihitajika kitu kinachoweza kusafiri na damu, kiue bakteria, na kiziache chembe nyeupe zikiwa hai. Hakuna aliyejua kama kitu hicho kipo.

Septemba 1928 alirudi kutoka likizo, akakuta sahani za bakteria alizoziacha mezani. Moja ilikuwa imeota ukungu, na kuuzunguka ukungu huo bakteria walikuwa wametoweka.


SEHEMU YA NNE
Chupa tupu

Aliupa utomvu wa ukungu ule jina penisilini, akaandika habari zake 1929. Alijaribu juu ya chembe nyeupe kama alivyojaribu karboli kule Boulogne. Hazikudhurika. Alikuwa ameshika alichokitafuta, lakini hakuweza kukisafisha wala kukihifadhi, kiliharibika upesi. Habari zake zikakaa maktabani karibu miaka 10.

Waliozifufua walikuwa watu wa Oxford: Howard Florey kutoka Australia, Ernst Chain, Myahudi aliyewakimbia Wanazi kutoka Berlin, na Norman Heatley, fundi wa kubuni vyombo kwa vitu vilivyokuwapo. Jumamosi tarehe 25 Mei 1940, wakati jeshi la Uingereza likirudishwa nyuma kuelekea Dunkirk, waliwachoma panya 8 bakteria wa kutosha kuwaua. Wanne wakapewa penisilini. Heatley alikesha nao. Kabla ya mapambazuko, wanne wasiopewa walikuwa wamekufa wote. Wanne waliopewa walikuwa hai.

Binadamu, hata hivyo, ana uzito wa panya zaidi ya elfu mbili. Hakuna kiwanda kilichokuwa na nafasi. Vita vilikuwa vimevibana viwanda. Heatley akaotesha ukungu katika mabeseni ya wagonjwa ya kujisaidia kitandani, kisha katika vyungu vya udongo vilivyotengenezwa kwa umbo hilo hilo. Wakihofia kwamba Wajerumani wangevuka bahari, baadhi yao walipaka spora za ukungu kwenye bitana za makoti yao, ili wakilazimika kukimbia waondoke nao. Miaka 25 nyuma nguo za askari zilibeba spora za kifo. Sasa makoti ya wanasayansi yalibeba spora za tiba.

Mapema 1941 katika hospitali ya Radcliffe, Oxford, alikuwa amelazwa askari polisi wa miaka 43, Albert Alexander. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alichomwa na mwiba wa waridi. Binti yake alikuja kueleza baadaye kuwa baba yake aliumia katika shambulio la mabomu akiwa kazini. Mkwaruzo mdogo usoni uliingia bakteria. Uso wote ukawa majipu, jicho moja likaondolewa, usaha ukafika kwenye mapafu. Hapa ndipo palikuwa mahali ambapo Depage na kisu chake wasingeweza kufika.

Tarehe 12 Februari 1941 daktari kijana, Charles Fletcher, alimchoma penisilini kwenye mshipa. Siku iliyofuata homa ilianza kushuka. Usaha ukapungua. Mtu aliyekuwa akingojewa kufa akaanza kula.

Dawa ilikuwa chache mno. Penisilini nyingi hutoka na mkojo bila kuharibika, kwa hiyo mkojo wa Alexander ulikusanywa, ukapelekwa kwa baiskeli hadi maabara, ukachujwa, na penisilini iliyopatikana humo akachomwa tena. Kila mara ilirudi kidogo kuliko ilivyotoka.

Siku ya 5 alikuwa mtu mwingine kabisa. Bakteria walikuwa wamepungua, lakini hawakuwa wamekwisha, na akiba yote ya penisilini ya Oxford ilikuwa imekwisha.

Itaendelea.